Mgomba katika Chumba cha Tisa

Katika nyumba ya Sikuli, kule Bungulu mjini Beni, kulia kulikatazwa. Majirani wengine walikataza kasiksi, ile pombe ya ndizi, wengine walikataza karata. Yeye alikataza machozi, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Binti yake Keren alikuwa na miaka kumi na minne siku amri hiyo ilipotoka. Aliishika mpaka akawa mwanamke mzima, mwanafunzi wa chuo huko Butembo, bila kumlilia mama yake hata mara moja chini ya mabati yale. Maana Adèle, mke wa Sikuli, hakuzikwa, na mtu asiyezikwa haliliwi. Anayemlilia ndiye amemuua.

Adèle alitoka asubuhi moja ya msimu wa kakao, mwaka 2015, pamoja na wanawake wawili wa mtaa, kikapu mgongoni, kamba ya kikapu kwenye paji la uso. Juma lililotangulia alikuwa amekwenda bureau, ofisi ya wakubwa wa serikali, kueleza kwamba kwenye kijito kilicho karibu na shamba ameona nyayo za mabuti, nyingi, zisizo za watu wa pale. Walimjibu: "Mama, muende mulime, sisi tuko." Basi wakaenda kulima. Wale wawili waliokotwa siku ya tatu, wameuawa. Adèle hakuokotwa. Sikuli aliomba watu wa kwenda kumtafuta, akaambiwa eneo lile limefungwa kwa raia. Na wenye bunduki walipokubali kwenda wao wenyewe, siku kumi na mbili zilikwisha kupita na mvua ilikwisha kuosha kila kitu. Walirudi mikono mitupu, wakanunuliwa bia kwa kazi nzuri. Katika daftari wakaandika: disparue, yaani amepotea. Sikuli aliacha shule darasa la pili, lakini neno hilo la Kifaransa alilijua kuliko jina lake. Alipoomba karatasi ya kifo, mkubwa mmoja alimjibu bila kuinua kichwa, "Lete maiti, tutaandika."

Basi akaapa: waliompoteza ndio watakaomleta.

Iko desturi, naam, kwa mtu aliyemezwa na msitu, na mto au na vita. Ukoo hukata mgomba wa urefu wake, huuvika kitambaa cheupe, huulaza kaburini mahali pa mwili, na kuanzia hapo yule ni marehemu kama marehemu wengine. Wazee walimletea Sikuli shauri hilo mwaka wa kwanza. Vagheni, kaka wa Adèle, akalileta tena mwaka wa pili. Sikuli akamfukuza.

"Mukizika mugomba," alimwambia akiwa amesimama mlangoni, "bale ba bureau batalala usingizi. Batasema, mwenyewe ameshamuzika, dossier, faili yake, imefungwa. Miye hapana kubamalizia kazi!"

Tangu siku hiyo Vagheni hakukanyaga tena uwanja wa shemeji yake. Kanisani, yaliposomwa majina ya waumini waliolala, Adèle hakutajwa. Yaliposomwa majina ya mama wa kwaya, hakutajwa pia. Na Sikuli, kila alipomaliza kufyatua matofali yake, alinawa mikono, akavaa shati lenye kola, akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni pa bureau. Wakubwa walibadilishwa, mmoja akaenda, mwingine akaja na kitambi kipya, yeye yuko palepale kwenye benchi. Huambiwa arudi kesho. Hurudi.

Jumamosi moja ya mwaka 2021, miezi michache baada ya jimbo letu kukabidhiwa kwa wanajeshi chini ya lile jina la état de siège, hali ya hatari, Keren aliingia uwanjani na wenzake wawili kutoka Butembo. Walikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mmoja alikuwa kijana Gracien, mtoto wa wenye maduka, kamera ndani ya begi ameikumbatia kama mtoto mchanga. Wa pili alikuwa Jokébed, msichana wa Alimbongo, kule kwenye baridi ya mlimani, mwenye sauti. Yeye ndiye aliyetunga wimbo juu ya mama wa Beni waliokwenda kuvuna kakao.

"Karibuni," Sikuli alisema. "Mulipita njia ya Kalunguta salama?"

"Tulipita na Mungu, papa," Jokébed alijibu huku akijipepea na daftari. "Mais hii joto! Batu ba Beni munaishi ndani ya sufuria?"

"Kwenu Alimbongo munalala na makaa chini ya kitanda, na munatuchekelea siye?"

"Makaa inazima, papa. Hii yenu hapana kuzima."

Wakacheka. Keren hakucheka. Alitandika karatasi kubwa juu ya meza, chini ya paa la nyasi ambako baba yake alikausha matofali, akaweka jiwe kila pembe. Kisha akakaa kando, akaanza kuchonga penseli kwa wembe.

Kazi yao ilikuwa klipu, yaani video ya wimbo huo, ile ya kumaliza mwaka. Na mwalimu wao alitaka, kabla ya kupiga picha hata moja, klipu yote ichorwe kwanza: kila picha ndani ya chumba chake, na chini ya chumba waandike kamera isimame wapi na mstari gani wa wimbo unaimbwa. Vyumba kumi na viwili, vinne kila mstari, vimepangwa juu ya vingine. Keren ndiye aliyechora. Walitaka uwanja wa Sikuli, migomba yake ya nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe kama atakubali kuonekana.

Sikuli aliinama juu ya meza. Maandishi hakuyajali, hayakuwa ya kwake. Lakini michoro ile iliyopangwa kama tofali juu ya tofali ilimfaa. Mtu aliyepanga tanuru miaka thelathini anajua kwamba ukianza vibaya chini, juu kutaanguka.

"Hapa njo mwanzo," Gracien alieleza akigusa kwa kalamu. "Mulima, ukungu, hakuna mutu. Jokébed hajaimba bado. Hapa ya mbili, mama anatoka na kikapu. Mama fulani tu, tutachukua figurante wa kuigiza."

Sikuli alimgusa yule mama wa kikapu kwa kidole. "Hapana mama fulani. Huyu ni Adèle."

"Papa, sura hata haionekane, iko mugongo."

"Anainamia kushoto. Goti la kuume lilikuwa linamuuma, kikapu ikijaa alikuwa anainamia kushoto." Akamtazama binti yake. "Si njo vile?"

"Njo vile," Keren alisema. Wembe ulisimama kidogo juu ya penseli, kisha ukaendelea.

Wakaenda chumba kwa chumba. Sikuli aliuliza maswali ambayo Gracien alisema hata mwalimu wao hakuyauliza: jua liko upande gani kama ni asubuhi, kwa nini kakao imechorwa imeiva wakati majani ni ya msimu mwingine. Gracien aliandika pembeni. Alikuwa kijana mzuri, asiye na ubaya, ila alikulia kwenye saruji. Walipofika chumba cha tano, palipochorwa mvua inapiga mabati, Sikuli alipitisha kidole gumba juu ya karatasi.

"Hapa mulifuta kitu."

Gracien akakohoa. "Ilikuwa meza, papa. Meza na mukubwa nyuma yake, mama amesimama mbele anaeleza. Mais lundi, kesho kutwa, hii karatasi inaenda ku bureau. Siku hizi bila cachet, ile muhuri yao, hatupigi hata picha ya kuku. Na banaangalia yote, chumba kwa chumba. Wakiona ile, kwisha."

"Donc mulimufuta mukubwa."

"Tuliweka mvua pa nafasi yake."

"Sawa," Sikuli alisema. "Muliweka vizuri. Mvua njo ilimwambia muke yangu aende kulima. Mvua njo ilikawia siku kumi na mbili." Akageuza uso, akatema mate chini. "Endelea, mutoto. Si kosa yako."

Gracien aliendelea haraka haraka, kama mtu anayevuka daraja bovu. Sita, saba. Chumba cha nane kilikuwa na watu wanne waliobeba sanduku la maiti. Cha tisa kilikuwa shimo nyuma ya nyumba, migomba pande zote, na kando ya shimo kitu kirefu kilichofungwa kitambaa cheupe.

"Hii ni idée ya Keren, iko très forte," Gracien alisema, na hapo furaha ilimrudia. "Mu klipu mingi, babebaji banatembea mbio kama banabeba hewa. Unaona tu ni bongo, uongo mutupu. Siye tutakata mugomba, tunaifunika na drap, tunatia ndani. Inapata uzito. Mabega inashuka kweli. Na ku shimo tunaitoa—"

"Gracien," Jokébed alimkata. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mugomba? Weye haukuniambia ni mugomba."

"Ni ju ya uzito!"

"Kule kwetu hapana batu bazima banazika mugomba ju ya mchezo. Ile ni mutu. Ukizika ile, umezika mutu."

Gracien aliwatazama mmoja mmoja, kalamu hewani. Sikuli hakuwa anawasikia. Mwanzoni damu ilimpanda kichwani, akataka kusema kwamba watoto wa leo hawana adabu, wanacheza na vitu wasivyovijua. Lakini macho yake yalikuwa yamekwama kwenye mtu mmoja ndani ya kile chumba. Alisimama upande wa kichwa cha shimo, fimbo mkono wa kushoto, udongo kwenye ngumi ya kuume, na mguu wake mmoja umegeukia ndani.

"Na huyu wa fimbo ni nani?"

"Figurant, papa," Gracien alisema kwa sauti ndogo. "Mutu wa kujaza."

Sikuli alinyoosha mgongo polepole. Vagheni alianguka kutoka juu ya mchikichi zamani, bado kijana, na mguu wake uligeuka hivyohivyo ukapona hivyohivyo. Na pale alipochorwa ni mahali pa mjomba. Kwa sinema mtu huchora yeyote. Hakuna anayemchora mjomba mwenyewe, na mguu wake, na udongo mkononi, mahali panapompasa, kama si mazishi.

"Keren."

"Papa."

"Mujomba yako anajua?"

Keren aliweka wembe chini. "Anajua. Anakuja kesho kiisha ibada. Yeye nilimwambia ni mazishi." Akamtazama mwenzake. "Gracien nilimwambia ni klipu."

"Ah, Keren!" Gracien alisimama. "Donc miye nilikuwa nazika mama yako bila kujua? Na nilitaka kuweka musique juu?"

Sikuli alichukua tofali moja kutoka kwenye rundo, tofali bichi la jana, akalibwaga juu ya chumba cha tisa, meza ikatikisika.

"Ndani ya uwanja yangu," alisema. "Kwa mugongo yangu. Na batoto ba wenyewe."

"Nilichora ju uone," Keren alisema. "Kusema nilisema. Mujomba alisema, bazee balisema. Haukusikia. Nikasema, pengine ataona."

"Niliona! Niliona mutoto yangu anataka kubasaidia bale bauaji!"

"Nani, papa? Yule aliyesema muende mulime? Balimuhamisha. Yule wa lete maiti? Amekufa na sukari, sasa mwaka wa tatu. Huyu wa sasa hajui hata jina ya mama. Miaka sita unavaa shati, unaenda kukaa kwa benchi yao. Ile benchi inakujua kuliko miye." Sauti yake haikupanda, hilo ndilo lililomuuma baba yake. "Niambie tu. Unataka kumuzika mama, ao unataka kubashinda bakubwa?"

"Nyamaza."

"Nitanyamaza. Kunyamaza ninajua, ulinifundisha." Akaanza kukusanya penseli. "Mais miye sijalia mama yangu bado. Bale mama babili balienda naye, batoto yao balilia, balinyolewa, balikula maharagi ya matanga, sasa banacheka. Miye niko na miaka makumi mbili. Mama yangu hayuko kwa bazima, hayuko kwa bale balikufa. Nikienda kulia, ninaenda mu choo ya internat, bweni yetu, ninafungua robinet ya maji ju basisikie."

Jokébed alitazama pembeni. Mbali, kwenye barabara kubwa, lori la wanajeshi lilipita likipiga honi bila sababu, kama kawaida yao.

Sikuli alikaa juu ya rundo la matofali. Angeweza kuwafukuza. Alikuwa na maneno ya kutosha, maneno ya miaka sita, yamekauka na yamepangwa, yanangoja moto tu. Lakini kitu kingine kilikuwa kinamsumbua, kidogo, kama mchanga ndani ya kiatu.

"Weye, mutoto wa Butembo."

"Papa?"

"Ulisema hii karatasi inaenda ku bureau lundi. Na hii chumba ndani?"

"Yote, papa. Banaangalia kila kimoja, kiisha banaweka cachet."

"Donc yule atakamata hii, ataangalia Adèle yangu amefungwa drap. Atafikiri. Kiisha atasema, sawa, muzike. Ao atasema, hapana, murudi kesho."

"...Oui, papa."

Sikuli alifungua mdomo aseme kwamba hilo halitatokea hata iweje, kwamba hakuna mtu wa bureau atakayempa yeye ruhusa ya kumzika mke wake. Na neno likamgeuka mdomoni. Kwani pale kwenye benchi alikuwa anafanya nini? Miaka sita, kwa shati lenye kola, alikuwa anaomba nini kama si hilohilo? Alidhani anawazuia wasilale. Wao walikuwa wanalala. Walikuwa wanakula, wananenepa, wanahamishwa, wanakufa na sukari, na Adèle yuko mikononi mwao bado, kwenye daftari, anangoja muhuri. Na aliyempeleka huko kila siku, na kumwacha huko, ni yeye mume wake.

Alikaa mpaka jua likahama kutoka kwenye meza. Mwishowe akainuka, akaliondoa tofali. Lilikuwa limeacha unyevu mwekundu juu ya mchoro.

"Toa hii chumba," alimwambia Keren.

Keren aliinamisha kichwa. Aliichukua karatasi, akatafuta mpira wa kufutia.

"Toa kabisa. Chora kitu ingine, chora hata mbuzi, ile bataweka cachet. Adèle haendi tena ku bureau." Akavuta pumzi. "Mujomba yako anakuja saa ngapi?"

Keren alimwangalia kama mtu asiyeamini masikio yake. "Saa nane, papa."

"Mumwambie alete jembe. Yangu imevunjika."

Usiku huo haukuwa na hadithi, kila mtu alilala alipolala. Jumapili, baada ya ibada, Vagheni alikuja kwa miguu, fimbo kushoto, jembe begani. Alisimama kwenye ukingo wa uwanja, pale alipofukuziwa.

"Shemeki," alisema.

"Shemeki," Sikuli alijibu. "Ulikawia."

"Ulinifukuza."

"Hata kama. Ulikawia."

Vagheni aliingia. Mchungaji hakuja, kanisa halipendi mambo ya mgomba, na Sikuli hakumlaumu, alisema angalau huyo amekataa kwa mdomo wake mwenyewe, hakusema kesho. Gracien aliiacha kamera ndani ya begi, begi ndani ya nyumba, akavua viatu vyake vyeupe vya Butembo, akachimba. Alichimba vibaya, anatupa udongo mahali palepale unapoanguka tena shimoni, mpaka Vagheni akamwambia, "Mutoto, weye unazika ao unapanda viazi?" Jokébed akacheka, kisha akaona haya. Vagheni mwenyewe alikuwa anatabasamu.

Ilibaki kukata. Mgomba hukatwa urefu wa mtu, na anayepima ni mwenzake wa ndoa. Sikuli alichagua mmoja ulionyooka, ambao haujazaa bado, akasimama mbele yake na panga mkononi, akawa kama amesahau alichokuja kufanya.

"Alinifika hapa," Vagheni alisema kumsaidia, akigusa bega lake.

"Hapana. Pale alikuwa bado musichana. Unamukumbuka na miaka kumi na tano."

"Dada yangu alikuwa mufupi, shemeki."

"Alikuwa mufupi kwenu! Kwangu aliongezeka." Sikuli aliusogelea mgomba mpaka kifua kikaugusa. Akainua kidevu, akakiegemeza kwenye shina kana kwamba pale ndipo utosi unapoishia, akafumba macho. "Ni hapa. Siku ya ndoa niliweka kidevu juu ya kichwa yake hivi, mupiga picha akanigombeza. Akasema, papa, muke si meza." Alibaki hivyo, amefumba macho, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima. Kisha akaweka alama kwa ukucha, akarudi nyuma, akakata. Maji ya mgomba yalimrukia usoni na hakuyafuta.

Waliufunga kwa shuka jeupe lililokuwa la kitanda chao. Hapakuwa na sanduku. Waliulaza wanaume watatu, Sikuli upande wa kichwa, na uzito ulikuwa uzito kweli. Vagheni akasimama mahali pake, akasema jina la dada yake, jina la baba yao, jina la kilima walikozaliwa, akamwaga udongo wa kwanza. Kisha akamwangalia mwenye mke.

Sikuli aliinama juu ya shimo. Watu walingojea sala.

"Sijabasamehe, eh," alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu chumbani. "Usifikiri nimebasamehe. Nilikuacha kwao siku mingi mno, njo ile tu. Pumzika."

Akamwaga udongo wake. Keren alifuata. Alipiga magoti, akachota kwa mikono miwili, akauachia, na udongo ulipogonga lile shuka alingoja, kichwa kimeinuka kuelekea kwa baba yake, kama mtoto anayengoja kuruhusiwa kutoka mezani. Sikuli alitikisa kichwa kukubali.

Kilio kilichomtoka Keren hakikuwa cha mwanamke wa miaka ishirini. Kilikuwa cha msichana wa kumi na minne, kilikuwa kimekaa pale chini kabisa na sasa kilitoka na mizizi yake. "Yooo, mama! Mama weee! Mama yangu aliniacha!" Kilipita juu ya mabati, kikapita ua wa miti, kikaingia katika viwanja vya majirani waliokuwa wanapumzika Jumapili yao. Jokébed alimshika kiunoni, naye akalia. Vagheni alilia amesimama, ameegemea fimbo.

Mlango wa uwanja ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mama Kasonia, jirani wa upande wa chini, mikono bado ina unga wa muhogo, na nyuma yake wanawake wengine wawili wanakimbia na watoto mgongoni. Katika mwaka huo watu wa Bungulu walijua kukimbilia kilio.

"Papa Keren! Ni nini? Nani amekufa? Balishambulia? Ni mutoto?"

Sikuli aligeuka. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, na utomvu wa mgomba ulikuwa umekauka mashavuni. Mama Kasonia aliangalia kaburi, akaangalia Keren aliyelala juu ya udongo, akazidi kuhangaika.

"Papa Keren, sema! Ni nani?"

"Ni Adèle," Sikuli alisema.

Mama Kasonia alimtazama yeye, kisha lile kaburi.

"Muke yangu," Sikuli alisema tena, kwa nguvu zaidi, ili hata wale wa nyuma wasikie. "Adèle. Amekufa."

Mama Kasonia alifungua kitambaa cha kichwani, akakifunga kiunoni, akakaa chini kwenye udongo kando ya Keren, na akaanza kulia naye.